Simu ambayo haikupokelewa

Leo mpwa wangu, mwaka wa pili sheria, kanikuta nakunywa chai tu akaanza.

"Mjomba, mtu anaweza kuwa wakili, mshawishi wa kisiasa wa kulipwa na mchambuzi wa TV kwa mpigo?"

Nikamwambia habari za Lanny Davis wa Washington. Wakili maalumu wa Bill Clinton, Ikulu ya Marekani, 1996 hadi 1998. Kisha ofisi yake, wateja wake, na uchambuzi kwenye runinga.

Desemba 2010 akachukua kazi ya serikali ya Laurent Gbagbo, rais wa Ivory Coast aliyegoma kuondoka baada ya uchaguzi. Dola 100,000 kwa mwezi! Mwezi wenyewe haukuisha, akajiuzulu.

Katika barua yake alisema alijaribu kumuunganisha Gbagbo na Obama kwa simu. Abidjan, upande wa Gbagbo, wakakataa kuipokea.

Dogo kanyamaza. Mimi najiandaa kujibu maswali ya maadili (nilishakunja na mikono ya shati), yeye anauliza:

"Yaani mjomba, Obama anapiga, hupokei?"

Chai imepoa, bado nacheka.

Mawakili wenzangu, mngemjibu nini?