Rimu na Tanuri la Mikate

Kiangazi cha 2016 nilinunua pikipiki ya mkononi hapa Mwanga, Kigoma. Injini haikuwa na neno, ila rimu zake za sporti zilitia huruma: rangi nyeusi imebanduka vipande vipande, na aluminiamu imeota unga mweupe kama chumvi. Nami nilitaka kwenda nayo Kasulu kumchukua mama.

Nilikuwa nimesikia habari za rangi ya unga. Unga mkavu unanaswa kwenye chuma kwa chaji ya umeme, kisha unaokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 mpaka unayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Jirani yetu alikuwa na tanuri la mikate. Nikajisemea, nitapuliza rangi ya kopo, usiku nitaomba tanuri, mambo yaishe.

Gereji nilikwenda kutoa matairi tu. Mzee wa pale, ambaye sote tulimwita Babu, akaniuliza rimu zinakwenda wapi. Nikamweleza. Akaweka spana chini.

"Mjukuu wangu, tanuri lile la kuni lina kipimajoto?"

"Halina, Babu."

"Sasa utajuaje kama ni mia mbili au mia nne? Rimu kama hii hupikwa kiwandani kwa vipimo ndipo inapata ugumu wake. Ukiichoma ovyo inalegea, na kwa macho huoni kitu. Utakuja kuona kwenye shimo, mama yako yuko nyuma. Na asubuhi watoto wa watu wale mikate yenye moshi wa rangi?"

Hilo la watoto lilinikata maini. Sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

Tukaanza upya. Babu aligonga beringi zikatoka, akachukua moja na kuizungusha karibu na sikio langu. Ilikwaruza kama mchanga kwenye meno. Ningeioka hiyo pamoja na grisi yake! Tulipiga msasa wa maji ili vumbi lisiruke, mimi nimevaa barakoa. Kisha akabandika tepu ya karatasi pale beringi zinapokaa na pale diski inapolala, akaikata kwa wembe taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. "Hapa rangi ikijaa upande mmoja," akasema, "diski haitulii, breki itakupiga mkononi."

Tulipuliza praima ya aluminiamu, yaani rangi ya chini ya kushikisha, halafu rangi yenyewe, mikono mitatu myembamba, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujainua vumbi. Nilingoja wiki nzima ndipo matairi yakarudi, na beringi mpya.

Tukirudi kutoka Kasulu, mama amenishika kiunoni, ng'ombe walikatiza barabara katikati ya mteremko. Nikabana breki. Pikipiki ikatulia bila kutetemeka, mama akaendelea na hadithi yake ya shamba la muhogo pale pale alipokuwa amefikia.