Kilomita ya 32

Marathoni yangu ya kwanza niliiacha katika kilomita ya 32, zikiwa zimebaki kumi tu. Kilichoniumiza baadaye hakikuwa miguu, bali kutambua kwamba nia yangu ilikata tamaa kabla mwili haujashindwa, kwani kwa muda mrefu nilikuwa nikinung'unikia upepo badala ya kukimbia.

Ndipo nikaanza kumsoma Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa aliyezaliwa mtumwa na kuishi na mguu mlemavu. Alifundisha kwamba yapo yaliyo katika uwezo wetu, yaani hukumu na nia zetu, na yapo yasiyo katika uwezo wetu, ukiwamo hata mwili wenyewe. Hilo la mwili lilinitatiza sana, maana mkimbiaji hujiona bwana wa mwili wake. Nililielewa barabarani, polepole: siwezi kuuamuru msuli usiume, ila naweza kuamua niyapokeeje maumivu yake.

Nilikimbia mara nne kwa wiki, mara tatu kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza bila kutweta, na mara moja safari ndefu niliyoirefusha kidogo kidogo kutoka kilomita 12 hadi 30. Seneca, mwanafalsafa mwingine wa Kistoa, ameeleza jinsi alivyojihoji kila usiku taa ikishaondolewa. Nami nikaweka daftari kando ya kitanda. Ukurasa mmoja unasema: "Upepo: si wangu. Mabega kukakamaa: yangu."

Falsafa hii, kwa maoni yangu, hueleweka vibaya inapochukuliwa kuwa ni kupuuza maumivu. Uchovu ulioenea miguuni niliuvumilia. Lakini goti liliponichoma mahali pamoja hata nikaanza kuchechemea, nilipumzika wiki mbili, na kukaa bila kukimbia kulinidai subira kuliko mbio zozote.

Mwaka uliofuata nilirudi. Kilomita ya 32 ilinikuta kwenye mvua, wanga uliohifadhiwa misulini ukielekea kwisha, na mapaja yakiwa mazito kama magogo. Nililegeza mabega, nikafupisha hatua, nikahesabu pumzi hadi nguzo iliyofuata, kisha nikaanza kuhesabu upya. Nguzo kwa nguzo, nilimaliza.

Usiku ule, vidole vikiwa bado vimekufa ganzi, niliandika: "Mvua: si yangu. Kuanza kwa kasi mno kilomita tano za mwanzo: kwangu."