Mutukula, hatimaye

Baba mdogo alipigana vita vya Kagera, na pale kwetu Kirumba jina la Mutukula, mji wa mpakani kati ya Tanzania na Uganda, nimelisikia tangu utotoni. Safari hii nikapanda meli ya usiku Mwanza hadi Bukoba, asubuhi nikadandia Hiace ya mpakani.

Kabla ya mpaka kuna Kyaka. Naomba usipitilize. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalipua daraja la mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni yake. Watu walipoteza ndugu, ng'ombe na nyumba. Pale kilimani yapo magofu ya kanisa lililobomolewa vitani. Niligusa ukuta: matofali yamemeguka, nyasi zimeota kwenye nyufa. Mzee mmoja niliyemwamkia alinionyesha upande walikokimbilia, yeye akiwa amebebwa mgongoni na dada yake. Kwa nini watoto wa shule za Mwanza hawaletwi hapa?

Mutukula yenyewe ni foleni ya malori, wabadilisha fedha, chapati na bodaboda. JWTZ waliiteka upande wa Uganda Januari 1979, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Leo Waganda na Watanzania wanapatana bei ya ndizi kwa Kiswahili, Kihaya na Kiganda vikichanganywa. Nilimpigia baba mdogo simu nikiwa palepale. Aliuliza kwanza kama barabara ya Kyaka ina lami.