Dawa ya buku haimalizi kunguni

Jamani mwenzenu nimekaa miezi minne silali vizuri na sikumwambia mtu, hata dada yangu wa tumbo moja, maana ukisema una kunguni watu wanakuangalia kama vile kwako hufagii. Ndo maana naandika hii, najua kuna mtu sahivi anajikuna huko aliko na anaona aibu kama nilivyoona mimi.

Ilianza kwa mwanangu, ana miaka mitatu. Asubuhi namvalisha naona mkononi vipele vitatu vimejipanga mstari, nikajua mbu, nikanunua neti mpya. Vikaja shingoni na kiunoni, nikasema harara hizi, si mnajua joto la Dar mwezi wa kwanza, nikawa nampaka poda. Mtoto anajikuna mpaka anatoka damu, mimi nalaumu joto tu. Na dalili zilikuwepo, kwenye shuka upande wa ukutani kulikuwa na vidoadoa vyeusi kama mtu kagusagusa na ncha ya peni, mimi nafua naanika yanaisha.

Usiku mmoja saa tisa kalia, nikawasha tochi ya simu nikafunua kona ya godoro pale kwenye mshono. Walikuwa wamebanana humo ndani, wakubwa wekundu wameshiba wamevimba, wadogo wanakaribia kuwa hawana rangi mpaka uone damu inang'aa tumboni, na pembeni mayai meupe kama chembe za chumvi yameganda kwenye kitambaa. Nikamponda mmoja kwa kidole, ikatoka damu mbichi, na ile damu najua ni ya nani. Nilikaa chini nikalia.

Waliingia na kochi. Nilinunua kochi la mtumba mwezi wa kumi na moja, zuri kabisa, sikuligeuza hata kuangalia chini. Kunguni haruki na hana mbawa za kurukia, anabebwa, kwenye kochi, kwenye begi la mgeni, kwenye godoro lililopakiwa gari moja na magodoro ya watu wengine. Nyumba safi anaingia na nyumba chafu anaingia, yeye anafuata damu. Na kwa wale wanaoulizaga kuhusu ukimwi, haijawahi kuthibitika kwamba kunguni anaambukiza ukimwi. Anachokuletea ni muwasho na kukosa usingizi, ambavyo kwa mtoto mdogo ni mateso ya kutosha.

Basi nikamsubiri yule kaka anayepita na spika, dawa ya kunguni, mende, panya, viroboto, nikanunua kichupa cha buku. Hakina lebo, hakina jina. Nikapuliza kitanda kizima, siku tano raha, siku ya nane tumeumwa wote. Nikanunua tena, ikawa hivyo hivyo. Baadaye ndo nikaja kuelewa, dawa nyingi haziuwi mayai, na kwenye joto letu yai linaanguliwa ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi, kwa hiyo wale uliowaua wameshaacha watoto wanasubiri zamu yao. Halafu dawa nyingi za dukani zinatokana na mfano wa sumu ya ua la pareto, ile ile inayolimwa Mufindi na Mbeya, ila hizi zinatengenezwa kiwandani, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea, unampuliza anatembea tu. Wengine ukiwapulizia wanahama, wanaingia kwenye nyufa za ukuta wanatokea chumba cha pili.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Sisi tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, korido katikati, dari hakuna na kuta hazijafika juu, ukipika dagaa chumba cha kwanza wa chumba cha sita anajua. Jirani yangu mmoja alivyochoka akaja na vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, kaambiwa aweke kimoja chini ya godoro, afunge mlango, asubuhi kunguni hakuna. Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewani vinatoa gesi inaitwa fosfini, ni sumu kali, inaua watu, na haichagui kunguni na mtoto. Ingepita juu ya kuta ikatukuta sote tumelala. Nilimshika mkono nikamuomba, nikamwambia dada, una watoto wawili na mimi nina mmoja. Tukavitoa nje ya nyumba, akavirudisha vilikotoka. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka. Tafadhali, dawa ya shambani au ya ghalani usiiingize chumbani unakolala, hata kama aliyekwambia ni mtu unayemheshimu. Na mafuta ya taa pia acheni, godoro lililolowa mafuta ya taa karibu na mshumaa au jiko la mkaa ni moto huo.

Kilichotusaidia ni maji ya moto na kurudia rudia. Jumamosi moja tulitoa kitanda nje, tukakifungua chote, chaga moja moja, skrubu moja moja, kwenye yale matundu ya skrubu walikuwa wamejaa mpaka mengine yameziba. Tukamwagia maji yanayochemka, siyo ya vuguvugu, yanayochemka, kwa sababu joto linaua mpaka mayai. Nguo zinazovumilia tukaziloweka maji ya moto sana, nyingine tukapiga pasi kwa kukandamiza kwenye mishono. Godoro tulilisugua mishono kwa brashi ngumu, tukaanika juani tunaligeuza geuza, ila jua peke yake msilitegemee, katikati ya godoro halipati joto la kutosha, kwa hiyo nikalishonea foronya nzima ya kitambaa kizito yenye zipu, walio ndani wafie humo, na siifungui kwa sababu mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Nyufa za ukuta tukaziba kwa simenti. Kochi nililitoa, roho iliniuma hela yangu ila nililichana kwanza, asije akaliokota mtu mwingine.

Kitanda nikakisogeza mbali na ukuta, kila mguu ndani ya kopo lenye maji ya sabuni, neti naichomekea chini ya godoro isiguse sakafu. Yale makopo ndo yalikuwa yananipa ukweli kila asubuhi. Siku ya kwanza nilikuta kumi na moja wamezama, wiki iliyofuata wanne, halafu mmoja mmoja. Maji yabadilisheni kila baada ya siku mbili tatu yasije yakazalisha mbu. Baada ya siku kumi nikarudia zoezi zima, baada ya siku kumi nyingine nikarudia tena, hata kama nilikuwa sioni kitu.

Lakini hii isingewezekana peke yangu. Nilipovunja ukimya pale korido, wapangaji wanne kati ya watano wakasema na wao wanao, kila mtu alikuwa anaficha! Mama mwenye nyumba akachangia simenti na mkaa wa kuchemshia maji, tukakubaliana siku moja nyumba nzima.

Sasa hivi ni wiki ya tano makopo yangu matupu na mgongo wa mwanangu umebaki makovu tu. Bado chumba cha nne, bibi wa pale anaishi peke yake na hawezi kunyanyua godoro, Jumamosi hii tunaenda kumfungulia kitanda, sufuria kubwa mbili nimeshaazima.