Usiku wa daftari la vitumbua

Watu wakisikia nimeaplai MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, wananiuliza SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vyao, nimepata ngapi. Hakuna anayeuliza fomu ya pesa tuliijazaje, na aisee hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, sio hesabu.

Iko hivi, MIT ni kati ya vyuo vichache Marekani ambavyo vikikuchagua haviangalii kwanza kama una hela, hata kama unatoka nje, na ukipita wanajazia kile ambacho nyumbani hamkiwezi. Mwaka mmoja pale unazidi dola 80,000, na sisi wa nje wanaopita hawafiki 3 kwa kila 100. Sasa ili wajue kwenu mna uwezo gani kuna fomu inaitwa CSS Profile, inauliza mzazi anaingiza kiasi gani kwa mwaka, nyumba ina thamani gani, benki kuna nini. Mama yangu anauza vitumbua Ngamiani, hapa Tanga. Salari slipu ataitoa wapi?

Nikamuuliza, mama kwa mwaka unapata ngapi? Akaniangalia. "Mwanangu, mimi najua ya leo."

Basi tukakaa jikoni na daftari, tukaanza na mchele, kilo 3 kwa siku, nazi 4, sukari, hamira, iliki, mafuta, mkaa. Vitumbua 150, kimoja 200. Nikasema hiyo 30,000, akanikata palepale, vilivyoungua je, na vya watoto wa shule wanaokopa, na vile viwili vya bibi jirani kila asubuhi, hivyo haviuzwi. Tukatoa vyote, kwa siku ikabaki kama 9,000. Masika kuna siku hatoki kabisa, Ramadhani anapika mara mbili kwa ajili ya futari, tukapunguza hapa tukaongeza pale ikaja milioni 2 na laki 7. Akachukua kalamu akaipigia mstari mwenyewe, akanyamaza sana, halafu akasema kumbe hii ndiyo imekusomesha mpaka fomu siksi.

Mimi koo lilishakaza, sikuweza kumjibu.

Serikali ya mtaa walitugongea mhuri kwenye barua ya kipato, hilo halikusumbua. Barua ya mwalimu ya kunipendekeza ndiyo tuliirudia, ya kwanza ilisema mimi ni mtiifu, msafi na napenda michezo, si ndivyo barua zetu zote zinavyoandikwa, nikamwomba aandike ile siku tulipofungua mita mbovu ya maabara tukakaa nayo mpaka ikasoma. Kwa hiyo wewe uliye fomu faivu na unawaza kuaplai, mwalimu mfuate mapema, na mahesabu ya nyumbani anzeni sasa hivi, msingoje Januari. Mama yangu mpaka leo kila jioni anaandika kwenye lile daftari, sijamwambia aendelee.

Majibu huwa wanayatoa tarehe 14 Machi, kwa sababu wao wanaiandika 3/14 kama pai, ile namba ya duara 3.14, tena saa yao ikisoma 6:28 jioni, yaani pai mara mbili. Kwetu ni saa 7 na dakika 28 usiku wa kuamkia tarehe 15. Nimemwambia mama alale tu, nitamwamsha. Kasema usihangaike, mimi saa nane huwa naamka kusaga mchele, siku hiyo nitaanza saa saba.