Sare ya muheme ikatwe kwa ajili ya ngoma, si kwa ajili ya picha

Uwele na mtama vikishaingia ghalani, Dodoma inaanza shughuli: harusi, jando, Tamasha la Muziki wa Cigogo kule Chamwino, ambalo limekuwapo tangu 2009, kisha Nanenane pale Nzuguni. Hapo ndipo mafundi cherehani wanapoletewa oda za sare za vikundi, na makosa ni yaleyale kila mwaka: sketi ya kubana, kitambaa cha kuteleza, shanga zisizolala begani.

Muheme ni ngoma ya wanawake. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Hilo peke yake linaamua mshono wote. Pindo la sketi likibana, mama hawezi kupanua magoti. Ngoma inashuka, anaipandisha, mdundo unakatika. Pindo liwe na mzunguko wa mita 2.4, hata kwa binti mwembamba. Satini inameta vizuri kwenye simu, lakini ngoma huteleza juu yake. Kaniki ya pamba hushika, tena ndilo vazi ambalo bibi zetu wa Kigogo walilijua.

Kaniki yenye upana wa sentimita 115, nunua mita 2.7 kwa kila mtu. Usiikate siku hiyo. Pamba mpya husinyaa ikifuliwa, na kila sentimita 100 zinaweza kupungua 3 hadi 5. Iloweke usiku kucha kwenye maji baridi, ifue, uisuuze mpaka maji yatoke meupe. Kuna wanaotia chumvi ili rangi ishike. Kwa kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, chumvi haina kazi. Kinachosaidia ni kuondoa rangi ya ziada kabla hujashona utepe mweupe, la sivyo jasho la wimbo wa kwanza tu litaugeuza buluu. Kiunoni weka kamba ya kufunga. Lastiki nyembamba hushuka ngoma inapovuta.

Sasa ukosi wa shanga, ile duara pana inayoruka mabega yanapotikiswa. Wengi wanaukosea kwa sababu ya hesabu. Chukua shanga za kioo zenye upana wa milimita 3 hivi, ambazo kila moja huchukua milimita 2.4 za uzi. Mzunguko wa kwanza uwe sentimita 42, yaani shanga zipatazo 175, na nyuma uache mwanya wa kifungo, maana kichwa hakitapita. Kila mzunguko unaofuata uongezewe shanga 8. Ukiongeza 4 au 5, ukosi unajikunja kama bakuli na kumkaba mvaaji. Ukiongeza 12, kingo zinafanya mawimbi. Mizunguko 20 inakupa upana wa sentimita 6 na kumaliza shanga 5,000 na ushee. Nunua gramu 150, kwa kuwa zenye tundu lililoziba hazikosekani.

Tunga kwa uzi wa nailoni, si wa cherehani: kingo za tundu la kioo hukata pamba taratibu, halafu siku ya shughuli shanga zinamwagika uwanjani na watoto wanaziokota. Vipande 6 vya ngozi vilivyotobolewa kwa nafasi sawa ndivyo vinavyoshikilia mizunguko isipandane. Funga fundo kila uzi unapopita kwenye ngozi. Uzi ukikatika, unapoteza shanga za sehemu moja tu. Usivute uzi mpaka ukaze kabisa. Ukosi mgumu hauruki, na usiporuka basi umeshona pambo la ukutani.

Kwa wanaume kazi ni ndogo: lubega, fundo likae bega la kushoto ili mkono wa upinde wa zeze uwe huru. Njuga zishonwe kwenye mkanda wa ngozi wenye kitambaa kwa ndani, kwani chuma kikigusa kifundo cha mguu saa nzima kinachubua.

Jaribuni sare nzima pamoja na ngoma angalau wiki moja kabla, watu wachuchumae, waruke, watikise mabega. Na kwa kuwa jioni za Julai huku ni baridi na upepo wa vumbi, wapigaji watataka shuka wakati wa mapumziko. Wavue ukosi kwanza. Nyuzi za shuka hunasa kwenye kifungo cha nyuma, na anayeitwa uwanjani ghafla ataivuta kwa haraka.