Jiwe la Lùng Tám

Jiwe lile ni bamba zito, limelala juu ya gogo la mviringo, na kati yao kuna kitambaa. Mama mmoja akavua ndala, akapanda, mguu mmoja huku na mwingine kule, akaanza kuyumba taratibu kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Gogo likabingirika chini yake. Kitambaa kilichokuwa kigumu kama gunia kikatoka laini, kinang'aa.

Hapo ni Lùng Tám, kijiji cha kabila la Wahmong kwenye milima ya Hà Giang, kaskazini kabisa mwa Vietnam. Mimi natengeneza batiki, mwaka wa 13 huu, na nilifunga safari kwa ajili ya kalamu yao ya kuchorea kwa nta: vibamba vya shaba vilivyofungwa kwenye kijiti cha mwanzi. Nimeinunua, ninayo. Ila mimi kazi yangu inaanzia dukani, kwenye jora lililokwisha kufumwa. Yule mama anaanzia shambani.

Anapanda katani (ile ya jamii ya bangi, si mkonge wetu), tena anaibananisha ili irefuke bila matawi. Ganda analibandua kwa mkono, analitwanga lilainike, kisha anaunga uzi kwa uzi: anachanua ncha, anachomeka nyingine, anasokota. Hakuna fundo. Kazi hiyo wanaifanya hata wakiwa njiani kwenda sokoni, kitita cha nyuzi kimezungushwa mkononi. Muda wote tulipoongea, binti yake akitutafsiria, vidole vya mama havikutulia. Bado kuna gurudumu la kusokotea linaloendeshwa kwa miguu, kuchemsha na majivu mara kadhaa ili uzi uwe mweupe, kufuma, ndipo lije jiwe.

Nikamuuliza kwa nini ahangaike hivyo, na sokoni nimeona vitambaa vya kiwandani vimechapwa maua yaleyale. Akafungua sanduku, akatoa sketi ambayo haijavaliwa. Ni ya kuzikwa nayo. Wahmong huvishwa katani wakifa, ili mababu wawatambue.

Sikuweza kusema neno. Niliishika ile sketi kwa mikono miwili, nikamrudishia.

Baadaye nikaomba nami nipande jiwe. Halikusogea. Mama akanishika kiuno, akanisukuma kidogo kuelekea kisigino cha kushoto, na gogo likaanza kwenda.